Minyoo ya Ini na Maji ya Ng'ombe Wetu

Nilikuwa nimechoka kuhangaika mjini Mbarara, nikarudi kambi yetu ya wakimbizi, Kashojwa, kwa mama mkubwa. Nilimkuta anawanywesha ng'ombe wake wawili kwa madumu, na mmoja, mwenye mimba, alikuwa amekonda. Jirani yetu, mfugaji mwenyeji, alikuwa amechinja dume akakuta ini limejaa minyoo, bapa kama majani. Tangu hapo alisimama na fimbo kwenye njia ya ziwani, akizuia ng'ombe wetu wasipite.

"Hii minyoo nyinyi mlileta kutoka Kongo," alisema.

"Ng'ombe nilinunua hapo Kabingo," mama mkubwa akamjibu. "Kabingo imehamia Kongo?"

Watu walicheka. Yeye hakusogea.

Kisha akaja daktari wa mifugo kutoka Mbarara, binti mpole, akiokota minyoo machinjioni. Alieleza kwamba ng'ombe huipata penye maji, na kwamba iko ya jamii mbalimbali; macho yanaweza kukosea, ila maabara husoma vinasaba vyake. Jirani akafurahi: "Pima ya wakimbizi!" Mama mkubwa akakataa ya kwetu ipimwe peke yake. Ndama wake aliyeuzwa kwa mchinjaji alikuwa na minyoo pia. Alitaka ya huyo iende pamoja na ya jirani, kila moja na chupa yake, sote tukiona. Ikawa hivyo.

Nilingoja majibu kama mtu anayengoja kuachiwa huru. Daktari aliporudi, alisema minyoo yote ni jamii moja.

"Si ndiyo!" jirani akaruka. "Ya kwao iliingia kwa ng'ombe zangu."

"Ao ya kwako iliingia kwa zangu," mama mkubwa akasema.

Sote tukamgeukia daktari.

"Kipimo changu kinataja jamii ya mnyoo," alisema. "Hakisemi nani alitangulia kuwa nayo. Wapeni ng'ombe wote dawa."

Nilikasirika. Nilitaka sayansi itutangaze hatuna hatia, waziwazi, mbele ya fimbo ile. Mama mkubwa alikuwa ameshafungua kamba za ng'ombe.

"Mama mukubwa, ngoja kwanza tumalize maneno," nikamwambia.

"Maneno ng'ombe banakunywa?"

Akawaswaga moja kwa moja hadi kwa jirani, pale njiani. Fimbo ikainuliwa.

"Kama unafukuza minyoo," akamwambia, "anza na ng'ombe zako. Ziko kule kwenye maji."

Na kweli walikuwako, wamezama hadi magotini. Jirani aligeuka kuwatazama. Ng'ombe mwenye mimba, aliyekwisha kunusa ziwa, akampita kando bila kusubiri ajibu. Tukamfuata.