Jogoo Aliyekula Senene wa Bibi

Desemba iliyopita niliposhuka kwenye basi pale stendi ya Babati, mtu wa kwanza kuniita alikuwa dada mwenye beseni kichwani, anauza senene, wale panzi wa kuliwa, wa kukaanga. Watu walikuwa wananunua na kutafuna huku wakisubiri magari yao, bila kushangaa chochote. Nilisimama na begi langu nikacheka peke yangu. Maana ni mji huu huu, rafiki yangu, ambamo zamani senene wa bibi yangu waliishia kwa kuku.

Sisi asili yetu ni Bukoba. Baba alikuwa muuguzi, akahamishiwa Babati nikiwa sijaanza shule, tukapanga nyumba mtaa wa Nakwa, yenye uwanja wa nyuma uliotosha migomba michache. Nilipofika darasa la tatu babu alifariki, na baba akaenda kumchukua bibi aje kuishi nasi. Bibi alikuja na kikapu, jembe na masharti. Alimwambia baba mbele yetu sote: "Nitakaa mpaka Krismasi. Nikiona hapa ni mahali pa kula sikukuu, nitabaki. Nikiona sivyo, utanirudisha kwangu." Huko kwake ilikuwa imebaki nyumba tupu, na wote wawili walilijua hilo, lakini nani angembishia? Mimi nilikuwa nimeshampenda kupita kiasi. Nililala naye kitanda kimoja, nikazoea harufu yake ya moshi na kahawa ya kutafuna, na Desemba ilipokaribia nikaanza kuiogopa.

Krismasi ya Babati ilikuwa na utaratibu wake. Kila nyumba inapika pilau ya mchele unaotoka Magugu, na kuanzia saa sita mchana sisi watoto tunapita na sahani zilizofunikwa vitambaa, ya kwetu inaenda kwa jirani, ya jirani inakuja kwetu, na mama zetu wakionja wanajua nani kazidisha karafuu. Bibi alisikia habari hizo akakunja pua. Kwake pilau ilikuwa wali uliotiwa dawa ya kikohozi. Sikukuu ni ndizi, alisema, ndizi zilizofunikwa majani ya mgomba na kuivishwa polepole mpaka nyumba nzima inukie, na pembeni wawepo senene. Shangazi aliwatuma kwa basi kutoka Bukoba, wameshanyonyolewa mabawa na miguu na kukaangwa kwa chumvi. Kwao, senene unampa mtu unayemheshimu.

Kwa hiyo siku moja kabla ya Krismasi bibi alichukua fungu kubwa, akalifunga kwenye jani la mgomba, akanituma kwa jirani yetu. Alikuwa mama mkulima aliyetoka Mbulu, Mlutheri, mpole, mwenye ng'ombe wawili na kuku wengi. "Mpe kwa mikono miwili, na usiseme maneno mengi," bibi aliniagiza. Nami kwa utiifu wangu sikusema hata moja. Jirani alifungua kile kifurushi, akaona panzi, na nadhani akakumbuka jinsi bibi alivyokuwa akiwasifia kuku wake kila siku. Akawamwaga uwanjani mbele ya macho yangu. Jogoo wake mwekundu ndiye aliyefaidi, akiwasukuma wenzake kwa kifua. Nilitaka kusema kitu, nikaona haya, nikarudi nyumbani mbio.

Jioni jirani alisimama kwenye ua wa minyaa. "Shikamoo mama. Asante sana kwa chakula cha kuku. Wamekipenda."

Bibi aliitikia marahaba kwa adabu zote, akaingia ndani, akaanza kukunja vitenge vyake. Hakugomba wala hakulia. Alisema tu kwamba sikukuu ikiisha atasafiri. Moyo uliniuma, kwa sababu nilijua kosa ni langu.

Asubuhi ya Krismasi, kabla hatujaenda kanisani, nilimkimbilia jirani zizini na kumweleza yote: kwamba wale walikuwa chakula, tena chakula cha heshima, na sasa bibi anaondoka.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikatazwa maneno mengi."

Aliweka chini ndoo ya maziwa, akamtazama jogoo wake kwa muda mrefu.

Mchana, baba akiwa ameshaanza kuulizia basi la kurudi Bukoba, jirani aliingia jikoni kwetu na gauni lake la kanisani. Kwapani ana kibuyu cha maziwa ya mgando, mikononi ana sufuria, na ndani ya sufuria yumo jogoo, ameshachinjwa na kunyonyolewa. Alipiga goti mbele ya bibi.

"Mama, senene wako wamo humu. Nimewarudisha."

Mama yangu aligeukia ukutani kuficha kicheko. Bibi alimbonyeza jogoo paja, akasema, "Amenona." Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Jogoo aliingia kwenye chungu cha ndizi, jirani akakaa sakafuni pamoja na bibi, akaletewa senene waliobaki. Wa kwanza alimla amefumba macho, wa pili amefumbua, wa tatu alijichukulia mwenyewe. Watoto tulikula ndizi na pilau sahani moja, tukashushia maziwa ya mgando, na bibi alionja pilau akaomba aongezwe. Baadaye aliniambia nitoe vitenge vyake kikapuni. Sijawahi kufanya kazi ya nyumbani kwa furaha kama ile.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila mkesha wa Krismasi bibi alikwenda uani kwa jirani akamtupia jogoo aliyechaguliwa senene watatu, si zaidi, na kesho yake jogoo yumo kwenye ndizi zetu. Nyumba nyingine za mtaa nazo zikaanza kupika ndizi kando ya pilau.

Leo ua wa minyaa ni ukuta wenye geti. Pale kwenye migomba pamejengwa fremu za maduka. Jirani amehamia kwa binti yake, kule kijiji cha Sigino, na sahani hazipiti tena. Watu wanatumiana picha za vyakula kwenye simu. Inaniuma, sitakuficha.

Lakini bibi alibaki. Alibaki miaka zaidi ya ishirini, na alipofariki wazee wa ukoo walipiga simu wakitaka arudishwe Bukoba, alazwe karibu na babu. Baba aliwajibu kwamba mwenyewe ameshasema, tena mbele ya jirani, azikwe hapa. Siku hizi mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nasema Babati. Akisikia jina la ukoo wangu anabisha, ananiambia mimi ni wa Bukoba. Namwambia bibi yangu amezikwa Nakwa, na ubishi unaishia hapo.