Vistari vya Mzee Kasonta

Nakumbuka, mwanangu, masika moja ya miaka ya hamsini, Mto Katuma ulipojaa hadi ukameza njia. Nilikuwa mpimaji kijana kwenye mgodi wa Mpanda, nimesoma kidogo, nimevimba kichwa sana. Mkubwa wangu kazini alikuwa Mzee Kasonta, Mbende wa hukohuko Mpanda, mchora ramani. Tulitumwa kutafuta mahali pa kujenga daraja.

Wiki nzima mzee alirusha vibuyu mtoni, akitazama vinaelekea wapi. Kila mahali kilipopita kibuyu, alichora kwenye karatasi kistari kifupi cha kuonyesha maji yanaelekea wapi. Vikafika mamia. Nikacheka.

"Mzee, mto wenyewe uko wapi? Kwenye karatasi hii mimi naona nyasi tu."

Akarusha kibuyu kingine. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza, nilidhihaki.

Siku ya mwisho dada yangu Magdalena alituletea chakula kwa mtumbwi. Alipokuwa akirudi ng'ambo, pondo, fimbo ndefu ya kusukumia mtumbwi, ikamponyoka, mkondo ukaubeba mtumbwi, akapotea nyuma ya kona. Nikapiga yowe, nikataka kukimbilia kwenye maporomoko yaliyokuwa chini ya mto, nikiamini maji yatamtupa huko. Mzee akanishika shati. Akaweka penseli kwenye karatasi yake, pale pondo ilipoponyoka, akafuata kistari kimoja hadi kingine. Mstari ukazaliwa mbele ya macho yangu, ukapinda, ukavuka mto.

"Anatua hapa, kwenye matete ya ng'ambo. Tuzunguke kwa gogo la kuvukia."

Nikajinasua, nikakimbia zangu. Maji hufuata mkondo; mimi nilifuata hofu. Kwenye maporomoko nilikuta povu tupu. Nikakaa chini nikilia, ndipo nikasikia sauti ya Magdalena ng'ambo. Kashikilia matete, na mzee, maji kiunoni, anavuta mtumbwi. Palepale alipopataja! Hebu fikiria, mwanangu. Hakuna kibuyu hata kimoja tulichokiona kikipita njia ile yote.

Jioni mzee akaniambia, "Ulitaka mstari mzima kwa mara moja. Mto unakupa hatua ya pale ulipo tu. Ukifika, unakupa nyingine."

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimerudi darasani kusoma, mwalimu alichora ubaoni vistari vilevile. Akasema ndivyo tunavyoweza kuona majibu ya hesabu za vitu vinavyobadilika, hata tusipoweza kuyaandika. Nilitoka nje nikafuta macho.

Basi sikia. Nyie vijana mnataka kujua leo maisha yataishia wapi. Tazama kwanza pale uliposimama panakuelekeza wapi. Chagua vizuri pa kuanzia, maana mto ni mmoja lakini wanaouingia penye tofauti hawatui mahali pamoja. Na aliyetazama kabla yako, usimcheke.

Mungu akutulize moyo siku ya hofu, akufikishe salama kwa wanaokupenda.