Safari ya Kumwona Paluku Kisiwani

Niliondoka Butembo kwa sababu moja tu: binti yangu Masika alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mbali kabisa, kwenye mji wa kisiwani ambako mume wake Kasereka anafundisha Kifaransa. Jina la mji ule silitaji, maana wanangu bado wanaishi huko. Majirani waliponiuliza jina la mtoto niliwacheka. Kwetu Wanande mtoto huzaliwa na jina lake: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo nilinunua nyuzi, nikafuma sweta nyeupe, na kifuani nikaandika PALUKU kwa uzi mwekundu. Kwenye simu Masika alikuwa akisema "mtoto" tu: mtoto amenyonya, mtoto amelala. Sikuona ajabu yoyote.

Mama Furaha, ambaye tunauza naye maharage ya Musienene, alikuja kunisaidia kufunga mizigo. Alipoiona ile sweta alipiga makofi.

"Triko, mama Masika? Kule banasema jua inachoma!"

"Mutoto wa Butembo ni mutoto wa Butembo," nikamjibu. "Bila triko iko uchi."

"Haya. Mais ukuwe mwangalifu. Banasema kule batu bakiona mweusi, banavuka barabara."

"Bavuke! Nitabashukuru. Sisi huku tunaogopaka benye banakuya na panga."

Tulicheka, lakini si sana. Miaka miwili nyuma mdogo wangu aliuawa shambani kwake, upande wa Beni, na Mama Furaha ndiye aliyenishika mkono siku zote za kilio. Mtu aliyezika hivyo huwezi kumtisha kwa habari ya macho ya watu. Ndivyo nilivyojidanganya.

Kutoka Beni kwenda Kasindi tulisafiri kwa msafara, magari yamefuatana, askari mbele na askari nyuma. Mama mmoja pembeni yangu aliimba wimbo wa kanisani midomo ikiwa imefungwa, na mimi nilikumbatia mfuko wangu wa sombe, majani makavu ya muhogo. Kwenye kizuizi askari kijana aliuliza naenda wapi. Nilipomwambia naenda kumwona mjukuu ng'ambo ya bahari, alitabasamu, akaniambia kwa Kilingala, "Kende malamu, mama," niende salama. Tukavuka mpaka kuingia Uganda, na nilipoona pikipiki zinapita ovyo bila msafara wala askari, mabega yangu yalishuka. Niliamini kwamba hatari yote ya safari hii nimeiacha nyuma.

Uwanja wa ndege wa kisiwani unang'aa hadi unaogopa kukanyaga. Abiria wote tuliosafiri nao walipita. Mimi nikawekwa kando, kwenye kiti, peke yangu. Walimwaga vitu vyangu juu ya meza, wakanusa sombe, wakabinya sweta kila mahali, wakageuza mikono yake nje ndani. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenipigia kelele. Lakini kule kunyamaza kwao, na ile mipira waliyovaa mikononi kushika nguo ya mtoto mchanga, vilinikata maini. Mimi ni mama wa kanisa, nina mjukuu, nimewakosea nini?

Nje nilimkuta Kasereka. Alinisalimu akiwa ameinamisha macho, kama mkwe mwenye adabu, akachukua mizigo. Jua lilikuwa kali na hewa nzito yenye chumvi. Taksi tupu zilipita mbele yetu moja baada ya nyingine, naye hakuinua mkono.

"Mukwe wangu, juu ya nini hatupande ile?"

"Tungoje, mama. Kuko moja yenye inatujuaka."

Nikamwona mkwe wangu mtu wa ajabu. Tulisimama pale hadi kitambaa changu cha kichwa kikalowa jasho, ndipo ikaja taksi kuukuu, inaendeshwa na mzee wa pale kisiwani mwenye mvi. Alishuka, akaniinamia sana, kupita salamu ya kawaida. Njiani alinitazama kwenye kioo mara nyingi, macho yake mekundu. Nilimuuliza Kasereka mzee ana shida gani. Akajibu kwamba ni mtu mzuri, basi.

Nyumbani kwao ni ghorofa ya juu, chumba kimoja na jiko, bahari inaonekana katikati ya majengo. Masika alinirukia shingoni kama alipokuwa mdogo. Mtoto alikuwa amelala mbele ya feni, mnene, mashavu yamejaa. Nilimpigia Mungu magoti. Kisha, kwa furaha, nikatoa sweta, nikaikunjua mbele yao.

Masika alisoma jina. Akakaa chini, sakafuni. Kasereka akatoka nje na kufunga mlango taratibu.

"Mama," Masika akasema, "huyu njo Kambale."

Sikuelewa, na nilielewa. Nilimwangalia mtoto, nikaangalia sweta, nikahesabu na kuhesabu upya, ingawa hakuna cha kuhesabu kati ya Paluku na Kambale.

"Paluku iko wapi?"

Akanieleza akishika pindo la kitenge changu. Mimba ile ya kwanza alitaka kuniambia ikishakomaa. Kisha mjomba wake akauawa, akasikia nilivyokuwa nalia kwenye simu, akangoja. Uchungu ulimshika mchana wa mvua kubwa, kabla ya siku zake. Walishuka barabarani yeye na mume wake, hapo hapo chini ya nyumba.

"Taksi zilikuwa mingi, mama. Inakuya, inapunguza mwendo. Dereva anatuona sura, anaongeza moto, anaenda. Kasereka alipiga magoti mu maji, katikati ya barabara. Banamukwepa tu. Donc tukatembea. Nikazalia kwa baraza ya duka. Alilia, mama. Nilimusikia analia. Ile muzee ya taksi njo alisimama, mais tulipofika ku opitali, Paluku alikuwa ameisha kunyamaza."

"Na mimi ukanificha!"

"Ulikuwa umelia mingi. Nikasema nitamuficha mama ile kilio. Mais jina ya kaka yake, sikuweza kumupa huyu. Ningemupa, Paluku angekuwa hakuzaliwa."

Nilikasirika. Naandika ukweli: nilikasirika hadi nikashindwa kulia. Nilitaka kushuka barabarani nisimame mbele ya kila taksi nimuulize dereva alikuwa wapi siku ile. Kwetu tunajua watu wanaoua. Wanakuja na panga, unawakimbia. Lakini hawa walikuwa baba za watu, wameosha magari yao vizuri, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani akijua amefanya nini. Jambo hilo lilinishtua kuliko yote niliyoyaona Beni, na mpaka leo sijalizoea.

Siku zilizofuata nilimkanda binti yangu kwa maji ya moto, nikapika sombe, na tulipotoka Masika alinifundisha kutembea mjini. "Vaa sawa unaenda kanisa, mama, hata tukienda kununua nyanya. Passeport ikae kwa mfuko. Mu duka, mikono ikae nje, wakuone. Ukilipa, tunza karatasi mpaka nyumbani. Salimia mbele wakusalimie." Mafunzo hayo, kama ningepewa siku ya kwanza, ningemwambia ameota pembe za kizungu. Sasa nilitii neno kwa neno. Na bado mlinzi alinifuata dukani katikati ya ndoo na sabuni, nikigeuka naye anageuka. Kwenye basi kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu watu wakiwa wamesimama. Mama mmoja muuza samaki alinivutia kigoda chake nikae, akampungia Kambale hewa kwa gazeti, nami nilimshukuru kupita kiasi, kama mtu aliyeokolewa, kisha nikajionea aibu kwamba wema mdogo hivyo umekuwa mkubwa kwangu.

Siku moja asubuhi nikasema nataka kumwona mjukuu wangu wa kwanza. Yule mzee alitupeleka. Makaburi yako kilimani, nyuma ya bandari, na lake ni dogo, limewekewa saruji, jina moja tu: Paluku. Mzee alivua kofia akasimama mbali. Nikaitoa sweta, nikaitandaza juu ya saruji iliyokuwa imechemka kwa jua, nikafunga vifungo vyake vyote kama anavyovalishwa mtoto. Masika akaunyosha mkono mmoja wa sweta.

"Turudi Butembo, mwanangu," nikamwambia. "Wote."

"Turudi na njia gani, mama? Ya Beni?"

Nilimbeba Kambale mgongoni hadi kwenye gari, na kabla ya kupanda nilimshika yule dereva mikono yote miwili. Nikamwambia "Wasingya," asante yetu ya Kinande. Hakujua neno lile, lakini alilia.

Nilirudi kwa njia ile ile: ndege, Uganda, Kasindi, msafara, Beni, Butembo. Watu wananiuliza kama kule ni salama kwa mtu mweusi. Nawajibu kwamba nililala mlango bila kufuli na sikusikia risasi hata moja. Halafu nawaambia: ukienda kuishi huko, kabla ya kutafuta nyumba, kabla ya kutafuta kanisa, tafuta dereva mmoja anayekujua sura.

Siku niliyofika, akina mama wa kanisa walikuja na ngoma, wanaimba toka barabarani, Mama Furaha mbele na kikapu cha viazi kichwani.

"Haya, mukaka!" akaniita, yaani bibi. "Paluku wetu iko je?"

"Mutoto iko muzima," nikasema. "Anaitwa Kambale."

Ngoma ikanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama Furaha alishusha kikapu, akaja akakaa chini pembeni yangu, na wengine wakakaa uani mmoja mmoja, jinsi tunavyokaa kwenye kilio. Akanishika mkono kama miaka miwili nyuma.

"Na Paluku," akaniuliza polepole, "umemuacha na nani kule?"

"Na triko yake," nikasema, na hapo ndipo machozi yalipotoka.