Mama Mkwe Asiyekula

Watu wa Levolosi, hapa Arusha mjini, wanaomjua Ludovick muuza mabomba watakuambia kwamba dukani kwake hununui hata koki moja kabla hujanywa chai. Si mbinu ya biashara, maana wapo wanaokunywa chai na kuondoka zao bila kununua kitu. Ni malezi. Kwao Kibosho mama yake alimpima mtu kwa sahani. Aliyekula akamaliza alikuwa rafiki. Aliyeonja akaacha alikuwa wa kuangaliwa. Aliyekataa kabisa alisindikizwa mpaka getini kwa adabu zote, na mama akirudi ndani alisema huyu ana neno moyoni.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejaliwa na Mungu mama mkwe asiyekula.

Aliitwa Naipanoi, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mwenye shamba la maharage, ng'ombe sita na sauti nzito katika kwaya ya Kilutheri. Mwili wake ulionyesha wazi kwamba chakula hakimpigi chenga. Lakini tangu Ludovick amwoe bintiye, Namnyaki, miaka miwili ilikuwa imepita na mama huyo hajawahi kumeza tonge moja nyumbani kwao. Mara amekula njiani, mara tumbo halijatulia, mara amefunga kwa maombi. Namnyaki akimtengea chakula jikoni, Ludovick naye alibeba kiti chake akafuata, kwa kuwa kwao mgeni haachwi kula peke yake kama mbwa. Alikaa mbele yake akimkaribisha, karibu mama, onja mama, ongeza mama, na mama alishika kijiko akatazama ukuta mpaka mtori wa ndizi ukaganda. Jioni alirudi Oldonyo Sambu na njaa yake. Hata kwenye gari alikaa kiti cha nyuma, wakati cha mbele kipo wazi.

Ludovick aliyaweka hayo moyoni, nayo yakaota mizizi. Aliwaza kwamba mama anajuta kumtoa binti kwa Mchaga. Usiku mwingine aliwaza baya zaidi, kwamba mama anaogopa kuna kitu ndani ya chakula. Kumuuliza mkewe hakuthubutu. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini yapo maswali ambayo mtu anayaogopa kwa sababu anadhani jibu analo tayari.

Mwaka huu jambo likawa halifichiki tena. Namnyaki alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza, na kila mtu anajua anayepaswa kuja kumlea mzazi ni nani. Walipomuuliza Naipanoi kama atakuja, alijibu kwamba tutaona. Ludovick alilisikia hilo tutaona kama mlango unaofungwa polepole. Mtu asiyekula nyumbani kwako saa moja, atakaaje miezi miwili?

Ndipo alipopata akili yake ya kwenda kwa Wakorea.

Siku hiyo ilikuwa ya Julai, baridi na manyunyu, Mlima Meru wote umezama ndani ya wingu. Naipanoi alikuja mjini kupimwa macho, Namnyaki yupo kazini mpaka saa saba, na Ludovick ndiye aliyekwenda kumchukua mama hospitalini. Kulikuwa na mgahawa mdogo wa Wakorea upande wa Njiro, ambao yeye mwenyewe aliwauzia mabomba ya jikoni walipokuwa wanaanza. Hakuwa amewahi kula pale, ila aliona jinsi wanavyokula. Kila meza ina jiko katikati, nyama inaletwa mbichi, na mlaji anaichoma mwenyewe mbele ya macho yake. Ludovick alijiona bingwa wa hesabu. Chakula si cha Kichaga wala si cha Kiarusha, kwa hiyo hakuna wa kudharauliwa. Na nyama unaiona tangu mbichi mpaka mdomoni, kwa hiyo hakuna wa kushukiwa. Alimpigia mkewe simu akamwambia tu awafuate huko akitoka kazini, akakata kabla hajaulizwa swali.

Wakaketi. Mhudumu, binti mchangamfu aitwaye Princess, akawasha jiko kisha akajaza meza visahani. Kulikuwa na kabichi iliyochachuliwa kwa pilipili, waiitayo kimchi. Kulikuwa na mchicha uliochanganywa na ufuta, tambi za viazi vitamu zinazong'aa kwa mafuta, na wali ndani ya bakuli la jiwe la moto, mboga na yai juu yake, bado unatatarika. Nyama ya ng'ombe ilikatwa nyembamba kama karatasi. Naipanoi aliiangalia kwa jicho la mfugaji, akasema ng'ombe alikuwa mzima ila aliyemkata ana haraka. Maneno hayo aliyaelekeza dirishani.

Ludovick alichoma. Alikaribisha. Mama alisema macho yake yametiwa dawa hospitalini, hivyo asubiri kidogo.

Princess, kwa nia njema kabisa, akaharibu kila kitu. Alisema kwa Wakorea mkubwa anayeheshimiwa hufungiwa tonge, unaweka nyama kwenye jani la saladi, unaongeza kimchi, unakunja, unampa mkononi ale papo hapo. Ludovick aliona mbingu zimefunguka. Alikunja tonge nene la heshima, akainuka kidogo, akampelekea mama mkwe wake kwa mikono miwili, akabaki amesimama hivyo akingoja aone anavyokula.

Naipanoi alivuta khanga mpaka kwenye paji la uso. Alilipokea tonge kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, akaliweka kwenye sahani, akageukia dirisha. Aibu ilimpanda Ludovick mpaka masikioni. Bahati yake simu ikalia, fundi mmoja anauliza bei ya viungio, naye akatoka nje kuipokea, akashukuru kupata sababu ya kuondoka pale.

Alipomaliza na fundi, akiwa bado chini ya kibaraza cha maegesho, alitupa jicho dirishani. Mama mkwe alikuwa anakula.

Na si kuonja. Tonge la jani lilikuwa limeshapita. Alichota kimchi kwa vidole, pilipili ikamtoa machozi, akayafuta kwa khanga, akarudi kuchota tena. Nyama aliigeuza kwa koleo kama aliyezaliwa na jiko hilo mbele yake, huku Princess akicheka na kumwongezea tambi. Kwa kitambo kidogo Ludovick alifurahi, maana ugonjwa wake wa kupenda kuona watu wakila haukujua kuchagua. Kisha akaelewa anachokitazama, na kikamuuma vibaya sana. Kumbe chakula hakina neno. Mwenye neno ni yeye mwenyewe, Ludovick.

Namnyaki aliposhuka kwenye teksi alimkuta mumewe ameegemea gari, manyunyu yanamwangukia.

"Mama yako hanitaki," Ludovick alisema, na sauti yake haikutulia. "Angalia mwenyewe. Nikiwepo hagusi kitu. Nimetoka dakika kumi, anamaliza meza."

Namnyaki alitazama dirishani, akamtazama mumewe, akatazama tena dirishani.

"Ludo, umemkalisha Yeyo meza moja na wewe? Mnatazamana?" aliuliza; Yeyo ndivyo alivyomwita mama yake.

"Ningemkalisha wapi?"

"Kwani hujui?"

Hakujua. Basi hapo hapo kwenye baridi akaelezwa kile ambacho kwa Waarusha hata mtoto wa darasa la kwanza anakijua. Mama mkwe na mume wa binti yake hawali wakitazamana. Mwanamke kutafuna mbele ya mkwewe ni kama kujivua nguo mbele yake. Ndiyo maana anakaa nyuma kwenye gari, ndiyo maana anaongea na ukuta na madirisha. Si chuki. Ni heshima, na kubwa kuliko hiyo hana ya kumpa. Mama alishamlalamikia Namnyaki mara nyingi amwombe mumewe awe anatoka jikoni japo kidogo, kwa kuwa yeye mama mkwe hawezi kumwambia mkwewe neno kama hilo.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, unakuja na kiti chako makusudi," Namnyaki alisema, naye sasa akiona aibu. "Nikafikiri unaona mila zetu za kishamba. Sikutaka tugombane."

Ludovick alicheka. Alicheka mpaka akashika kioo cha gari, na mzigo alioubeba miaka miwili ukamtoka mabegani hata akahisi wepesi wa miguu. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu aliukumbuka ule mtori unaoganda. Yeye, asiyeweza kuona fundi wa watu akipita na njaa, ndiye aliyemshindisha njaa mama huyu, tena akimwambia karibu. Kadiri alivyomheshimu kwa desturi ya Kibosho ndivyo alivyomtesa.

Waliingia ndani pamoja, ila Ludovick hakuikaribia meza. Alimwomba Princess meza nyingine nyuma ya pazia la mianzi. Princess aliwaangalia akadhani kumetokea ugomvi wa kifamilia, akaanza kuomba radhi kwa ajili ya lile tonge. Ludovick akamwambia hajawahi kuombwa radhi isiyohitajika kama hiyo, achukue oda.

Akaagiza kama mtu aliyelewa. Kila sahani iliyomfikia aliimega kidogo akaituma upande wa pili. Alituma keki za mchele kwenye mchuzi mwekundu, akatuma mandazi ya nyama yaliyokaangwa, akatuma wali uliofungwa kwa mwani mweusi. Majibu yalirudi kupitia Princess. Ule wa mwani mama anasema unanuka ziwa la Momela, asitume tena. Bakuli la jiwe lilirudi limekwanguliwa mpaka chini. Nyama iletwe, tena Princess amwambie mwenye kisu akate kama anamkatia mtu mzima. Ludovick alisikiliza taarifa hizo kama mtu anayesikiliza matokeo ya mtihani ya mwanawe.

Upande ule mama na binti waliongea Kimaa, lugha yao, kwa muda mrefu, taratibu, kuna mahali Naipanoi akacheka kwa sauti yake ya kwaya hadi meza za jirani zikageuka. Kisha mama akahamia Kiswahili, na Kiswahili hicho hakikuwa kwa ajili ya Namnyaki, ingawa ni yeye aliyeitwa jina.

"Namnyaki, mwambie mume wako nitakuja kukulea. Nitakaa mpaka mtoto apate nguvu." Akapandisha sauti kidogo. "Na umwambie, mtu hashindi njaa miaka miwili kwa ajili ya mkwe anayemdharau."

Ludovick aliyasikia yote, maana mianzi haizuii sauti. Machozi yalimlenga. Hakujibu, kwa kuwa si yeye aliyeambiwa. Alisogeza kiti, akawapa mgongo vizuri zaidi, akavuta sahani, akala mpaka akamaliza.