Kigelegele Kilichokataa Kutoka

Mimi sijui kufurahi kwa adabu. Mume wangu husema furaha yangu inavunja vyombo, naye ni muuza vyombo, kwa hiyo anajua anachosema. Lakini pamoja na makelele yangu yote, mama yangu sikumfikia hata kidogo. Yeye akifurahi, bonde zima lilijua.

Kule kwetu, kwenye milima iliyo juu ya Uvira, kila mwanamke alikuwa na kigelegele chake. Mtu akiwa shambani ng'ambo ya mto alisikia, akasema, huyo ni fulani, ng'ombe wake amezaa. Cha Mama kilianza chini kooni, kizito, kama anayemwita mtu aliye mbali. Kilipanda polepole, halafu ulimi ukaanza kazi yake, na hapo usingeweza kuendelea kukaa. Wala hakukitunza kwa ajili ya sherehe. Kuku ameangua, anapiga. Mvua ya kwanza imeshuka, anapiga. Baba amerudi kutoka sokoni na chumvi, mtu aliyeondoka asubuhi ile ile, anapigiwa kama ametoka vitani. Baba alijifanya kukasirika. "Huyu mwanamuke atatufukuzisha mu kijiji," alisema, huku akijikaza asicheke. Mimi nilikuwa msichana, nimekaa pale namenya mihogo, na kitu kikanishika hapa chini ya shingo, kikaninyanyua kutoka kwenye kigoda bila mimi kuamua. Siwezi kukieleza zaidi ya hapo. Sababu yake ilikuwa chumvi tu.

Kubwa kuliko yote ilikuwa kufungua. Bibi arusi hatoki nyumbani kwao kabla mwanamke mzima hajapiga kigelegele cha kwanza, peke yake, wengine wote wakiwa kimya. Mtoto akizaliwa ni hivyo hivyo: mmoja anafungua, ndipo wengine wanaitikia. Na mtu hajifungulii. Lazima akufungulie mwingine, anayefurahi kwa ajili yako. Mama aliitwa hata vijiji vya mbali kwa kazi hiyo, na alikwenda kwa miguu.

Tulipokimbilia Uganda na kupewa shamba letu huko Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nilidhani sauti ile itabaki njiani pamoja na vitu vingine. Sauti haikubaki; Baba ndiye tuliyemzika njiani. Mama alikaa kimya msimu mzima, tukawa tunatembea ndani ya nyumba kwa kunyata. Halafu asubuhi moja alikwenda kuangalia maharage aliyoyapanda, akayakuta yametoka yote, mstari hadi mstari. Nilikuwa nachota uji. Niliposikia, niliumwaga, nikakimbia kwenda kumkumbatia na mwiko mkononi. Baada ya hapo wanawake wa Juru wakamjua, na hapakuwa na arusi ya kanisa letu ambayo Mama hakuifungua.

Halafu mimi nikapenda.

Nilikuwa nikinunua maharage Juru na kuyapeleka Mbarara. Siku moja niliingia duka moja la mabeseni na sufuria kurudisha kidumu kilichokuwa kinavuja. Mwenye duka, kijana Mwislamu wa pale pale Mbarara, alikigeuza huku na huku, akasema hakivuji, ni mimi nisiyejua kufunga kifuniko. Nilimpa maneno ya Uvira, maneno ambayo hata leo sitayatafsiri. Hakuelewa hata nusu. Alicheka, akanipa kidumu kingine. Ningekuwa na akili ningeachia hapo.

Mama hakupiga kelele nilipomwambia. Ingekuwa heri apige. Aliuliza tu, "Na kanisa?" Nikamwambia nabaki na kanisa langu, kijana amekubali. "Na batoto?" Akarudi kupepeta maharage yake, nami nikasimama pale kwenye makapi mpaka nikaanza kuwashwa.

Tulioana nyumbani kwa wazazi wa kijana, Kamukuzi, pale pale Mbarara. Mama alikuja. Alipanda pikipiki mpaka Base Camp, makao makuu ya kambi, kisha teksi, amevaa kitenge chake cha kwaya. Shangazi za mume wangu walipiga vigelegele vyao, vifupi na vikali, na walikuwa watu wazuri, walinipenda. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mama. Wakati wa kutoka nje kwa wageni ulipofika nilisimama mlangoni kupita ilivyopasa, viatu vinanibana, mtu ananivuta mkono, mimi nangoja. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa na kutazama chini. Nikatoka bila kufunguliwa.

Usiniambie kwamba ni jambo dogo. Nilikula pilau, nilicheka kwenye picha, nilicheza na wifi zangu, lakini kila nilipopata nafasi ya kupumua nilijiona bado nimesimama pale mlangoni. Mama alipokuwa anaondoka nilimfuata mpaka kwenye gari. Hasira yangu iko karibu siku zote, na siku hiyo ilikuwa karibu zaidi.

"Mama, hata kidogo?"

"Ulisema nikuye," akanijibu. "Nilikuya."

Baada ya siku hiyo hakumfungulia mtu tena. Wanawake wa Juru walimfuata, akawakatalia. Majirani waliniambia alisema hivi: nikipigia batoto ba watu, batauliza wangu nilimupigia nini. Mimi na yeye tukawa watu wa kuongea mvua na malaria kwenye simu. Mume wangu alimpelekea sukari na sabuni, na kila safari alishukuru vizuri, akaniambia nimsalimie "ule muchuruzi wako", muuza vitu wako. Jina lake hakulitaja.

Ndipo nikashika mimba, baada ya kuharibikiwa na nyingine ambazo hatukuzisema sana. Hii ilikaa. Tumbo lilipoanza kujisema lenyewe nilimpigia Mama, akasema Mungu asaidie, basi. Sikuthubutu kumwomba aje. Lakini usiku na mchana nilikuwa na ombi moja tu: awe pale, afungue. Nilijua kwamba akinyamaza na hapo, amenyamaza moja kwa moja, na mimi nitakuwa mtoto ambaye mama yake alimaliza kumfurahia siku alipoolewa.

Siku uchungu uliponishika tulifika hospitali asubuhi, mume wangu amebeba chupa ya chai. Nikamkuta Mama kwenye benchi la wodi ya wazazi, na beseni lake miguuni. Alikuwa amehesabu miezi kwa kichwa chake, akaja mjini kukaa kwa mtu wa kanisa, na kila asubuhi alikuwa anakuja pale kuangalia kama nimeletwa.

"Unachelewaka sana," akaniambia. Akanishika mkono, tukaingia.

Wanaume hawaruhusiwi mle. Mume wangu alibaki barazani na chai yake.

Mtoto alitoka mchana, wa kike, akakaa kimya. Musawo, mkunga wetu, alimsugua mgongo, akamgeuza, mimi nauliza vipi, vipi, hakuna anayenijibu. Halafu akalia. Kilio kidogo cha hasira, changu kabisa. Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani, kitambaa mdomoni, anatazama chini. Nikasema, basi, imekwisha.

Akakiondoa kitambaa.

Kigelegele kilianza kule kule chini kooni, kikakwama, kikapasuka. Kilitoka kama sauti ya mtu aliyechomwa kisu. Akavuta pumzi, akajaribu tena, kikapanda, kikavunjika huko juu, naye akaendelea nacho hivyo hivyo kimevunjika, machozi yanamshuka, anapiga na kupiga. Nami nilikuwa nimelala pale nimechanika, nimechoka, sina nguvu ya kuinua hata kidole, nikasikia mwili wote unanyanyuka. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa. Sikuwa nimejua kwamba inaweza kurudi ikiwa nzima namna ile, baada ya kukosekana miaka.

"Nyabo, mama, hapa si kwenye arusi," musawo akamwambia, lakini na yeye alikuwa anatabasamu.

Sasa, mume wangu alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile. Kwao, mwanamke akitoa sauti nzito na ndefu namna hiyo ni hatari, majirani wanatoka mbio na mapanga. Ndani ya hospitali ndiyo kabisa, maana yake ni moja. Askari wa mlangoni alinisimulia baadaye kwamba mume wangu alikiweka kikombe chini taratibu, akavua kofia, akakaa kwenye saruji. Kisha aliinuka ghafla, akampita askari kama hayupo.

"Nani amekufa?" aliuliza mlangoni. "Mtoto ama bibi yangu?"

Mama alinyamaza katikati ya pumzi. "Nani alikuambia kuko maiti hapa? Angalia mutoto, iko muzima."

"Lakini wewe unalia, Mama."

"Siko nalia. Niko nafurahi."

Mume wangu alikaa chini kando ya kitanda, mwanaume mzima, akalia bila kujificha, ameshika upindo wa shuka langu. Musawo alikuja kumfukuza, akaghairi. Mama alimtazama kwa muda. Sijui aliona nini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alipomwona kweli. Akamchukua mtoto, akamwekea mikononi.

"Shika, mukwe wangu," akamwambia.

Mume wangu akajifuta uso. Akaomba kwa aibu kama anaweza kumwadhinia mtoto sikioni, ndivyo wafanyavyo wao, ili jina la Mungu liwe la kwanza mtoto kulisikia.

"Sema tu," Mama akajibu. "Lakini wa kwanza ni miye."

Jioni tulipobaki wawili nilimuuliza Mama kuhusu siku ya ndoa yangu. Alikuwa ananikoroga uji. "Siku ile nilijaribu," akasema. "Uliona kile kitambaa? Nilikuwa najaribu. Kasirani na furaha, yote ilikuwa mu koo moja. Ikakatala kutoka." Akanipa kikombe, akaniambia ninywe kabla haujapoa. Miaka yote nilikuwa nimedhani alikataa yeye.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha hayakuishia hapo. Mama na mdogo wangu aliyekaa naye Juru waliitwa na mpango wa wakimbizi kwenda kuishi nchi za mbali, za baridi. Mimi sikuwemo, nimeolewa na mwenyeji, mimi ni wa hapa. Juru walimsindikiza kama kawaida yetu. Anayepata safari anagawa sufuria zake, halafu anachezewa na kuimbiwa mpaka kwenye basi. Nilicheza kuliko wote. Nilikuwa na furaha kweli, sitadanganya. Macho yake yalikuwa yanaharibika, nami nilijua huko atatibiwa. Wanawake walimwomba afungue. Alikataa, mtu hajifungulii. Basi nikamfungulia mimi, vibaya, vumbi limenijaa kooni, naye akanicheka dirishani. Basi likakata kona. Miguu yangu iliendelea kucheza kidogo kabla haijaelewa.

Ananitumia sauti kwenye simu. Anakaa ghorofani, kuta ni nyembamba. Binti yangu alipoanza shule nilimwomba ampigie kigelegele kidogo tu, asikie. "Huku nikifungua, banaita polisi," akasema, akacheka, nami nikacheka. Nilipozima simu nilikaa dukani juu ya beseni lililofunikwa, wateja wakawa wanahudumiwa na mume wangu. Ikipita arusi barabarani natoka nje kusikiliza. Wanapiga vizuri, sina neno nao. Ila nasikiliza mpaka mwisho, magari yanaisha, na ninachokitafuta hakimo.

Mwaka huu nimejifungua tena, wa kiume, wodi ile ile. Aliyeingia nami ni wifi yangu, mwanamke mpole. Mtoto alipotoka alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, akamfunika vizuri. Musawo alinisifu kwa utulivu wangu, mimi huyu. Wodi ilikuwa kimya, unasikia hata mtu anafagia nje. Nikageukia ukuta. Furaha ilikuwapo, ilinijaa mpaka ikawa inauma, lakini hapakuwa na wa kunitolea.

Wifi alishughulika na mimi, hakuna aliyekumbuka kumwita baba wa mtoto. Baada ya muda mlango ulifunguka. Mume wangu aliingia akijishika ukutani, kofia mkononi. Hakutazama upande wa mtoto. Alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu juu ya shuka.

"Pole," akaniambia.

"Pole ya nini?"

"Nimengoja sana pale nje. Nimengoja Mama afungue. Hakuna sauti. Nikajua mtoto hakupona."

"Mama yuko ng'ambo," nikasema. "Unajua kabisa yuko ng'ambo."

"Najua. Lakini mimi nilikuwa namngoja."

Nikamfunulia mtoto, mzima, ananyonya ngumi yake. Nikamvuta mume wangu karibu, tukamlilia Mama wote wawili, mtoto akiwa katikati yetu.