Msalaba Uliotangulia Habari

Katika karakana ya Donatien Cirhuza, pale Nguba, mjini Bukavu, kwenye mteremko unaoshuka ziwani, kuna kipande cha kitenge cha bluu kilichofifia hata maua yake hayaonekani tena. Hakifutiwi vumbi wala hakifungiwi mbao. Kazi yake ni moja tu: kufunika msalaba uliokwisha kuandikwa jina, mpaka wenyewe waje kuuchukua.

Donatien hutengeneza milango, vitanda na makabati, na hutengeneza pia majeneza na misalaba, kazi ambayo haina msimu. Kwa miaka ishirini na miwili aliwafundisha mafundi wote waliopita mikononi mwake kwamba msalaba wenye jina hugeuzwa ukutani na kufunikwa, kwa sababu mpita njia anaweza kusoma jina la ndugu yake kabla wazee hawajamfikia. Katika familia za kwao, mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu. Wajomba humwendea, huomba maji ya kunywa kwanza, humketisha, wanawake wawili husimama nyuma yake, ndipo neno hutamkwa. Fundi mmoja, Josué, aliwahi kuuacha msalaba wazi mlangoni mchana kutwa. Donatien alimfukuza siku hiyo hiyo, mbele ya wateja.

"Jina ya mutu mwenye alikufa haiko enseigne, kibao ya boutique," alimwambia. Josué aliokota randa yake akaenda kuanza maisha yake Kadutu.

Kumbukumbu hiyo Donatien alikuwa akiisimulia kwa fahari. Siku hizi haisimulii.

Mambo yalianza katika ukumbi wa parokia, kwenye mafunzo ya siku tatu kwa wafanyabiashara wadogo. Mwalimu alikuwa kijana aitwaye Christophe, mwenye viatu vyeupe visivyojua matope ya Bukavu. Aliwaambia akina mama wanaouza samaki wadogo wa sambaza, washonaji na maseremala kwamba mteja wa leo yumo ndani ya simu, na kwamba fundi asiyepiga picha kazi yake anajizika mwenyewe. Aliwafundisha pembe ya mwanga, saa ya kutuma, maneno ya kuvuta macho. Katika siku zote tatu hakuuliza hata mara moja picha ni ya nani, wala nani ataumia ikionekana. Hakuna aliyemuuliza pia, na Donatien, aliyekaa mstari wa mbele akiandika kila kitu katika daftari, alikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Binti yake Aurore, mwanafunzi wa chuo, alimfungulia ukurasa wa Facebook. Wakaweka mlango wa mbao nyekundu, kitanda cha maharusi, kabati lenye vioo. Sifa zikamiminika. Mtu wa Montréal aliandika kwamba mikono hiyo imebarikiwa. Mwingine wa Kampala aliweka mioyo sita. Miezi minne ikapita, na hakuna hata mmoja aliyekuja kugusa ubao. Wateja waliokuja walikuwa wale wale: waliotumwa na jirani, waliokuwa wamelala juu ya kitanda chake kwa mashemeji zao, waliomwona kanisani.

"Aurore, hii kintu inatumika kweli?" aliuliza siku moja, akiinua simu kama mtu anayepima uzito wa nyanya.

"Inatumika, papa. Inaomba patience."

"Batu mia tatu banasema kabati iko muzuri. Hakuna hata mumoja iko na nguo za kuweka ndani?"

Aurore alicheka, na baba yake akacheka. Lakini moyoni alikuwa amekwisha kata shauri: ukurasa ule ulikuwa dirisha linalotazama mahali pasipokuwa na watu. Aliendelea kutuma picha kwa mazoea, na kwa kupenda zile sifa, ambazo hakumwambia mtu kwamba alizisoma mara mbili.

Alhamisi moja asubuhi alikuja Gaston, mwalimu wa shule ya msingi aliyefahamiana naye tangu ujana. Mdogo wake Fabien, kitinda mimba, alikuwa amekufa usiku wa kuamkia siku hiyo karibu na Sange, pikipiki yake ilipogongana na lori kwenye barabara ya Uvira. Mwili ulikuwa umeletwa Bukavu. Mazishi yangekuwa Jumatatu kwao Walungu, katika shamba la familia. Alitaka jeneza na msalaba.

"Maman hajajua," Gaston alisema. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kazi kwa mikono miwili. "Batonton, bajomba, batapanda Jumamosi asubuhi kumuambia. Ni muzee, roho yake haiko nguvu. Mpaka pale, Donatien, hakuna kusema."

"Unanifundisha miye?" Donatien alimjibu kwa upole, akimwonyesha kile kitenge cha bluu kikining'inia kwenye msumari.

Alifanya kazi ile kama anavyofanyia mtu wa kwake. Ijumaa adhuhuri msalaba ulikuwa tayari. Herufi za jina, Fabien Nshokano, alizichonga badala ya kuzipaka rangi, akazijaza nyeusi, na vanishi ikazifunga chini ya mng'ao ambao hakuwahi kuupata kabla. Jua lilikuwa limeingia mlangoni na kulala juu ya ubao. Alirudi nyuma hatua mbili akautazama. Ulikuwa msalaba mzuri kuliko yote aliyotengeneza maishani mwake, na baada ya siku tatu ungesimamishwa kwenye kilima ambako wangeuona mbuzi na mvua.

Aurore alikuwa chuoni. Donatien alitoa simu. Alijua. Jambo hili lazima lisemwe wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe baadaye alikataa lisemwe vinginevyo: alijua kwamba mama hajaambiwa. Alijiambia tu kwamba mwanamke wa Walungu anayeuza maharage hana Facebook, na kwamba ukurasa wake hautazamwi na mtu yeyote zaidi ya wale wa Montréal. Alipiga picha. Akaandika chini yake: "Kazi ya mikono yangu. Misalaba na majeneza, Nguba. Mutupigie." Kisha akaufunika msalaba kwa kitenge, akaugeuza ukutani, kama desturi inavyotaka.

Jumamosi saa tatu asubuhi picha ilikuwa imepata alama za kupendwa mia tano. Alikuwa bado anazitazama, na uso wake ulikuwa na tabasamu, simu ilipoita. Alikuwa Gaston.

"Futa," Gaston alisema. Hakusalimia.

Marafiki wa Fabien, madereva wa pikipiki, walikuwa wameitwaa ile picha na kuisambaza katika kikundi chao. Kutoka hapo ilifika Walungu. Sokoni, msichana mmoja aliyekuwa na nia njema kabisa alimwendea Maman Clémence, mama yake Fabien, aliyekuwa anapanga vipimo vya maharage yake, akamwinamia na simu mkononi. "Maman, huyu si Fabien wenu?" Mama hajui kusoma mengi, lakini jina la mwanawe anajua kulisoma. Alianguka juu ya maharage. Wajomba walikuwa bado ndani ya basi dogo, nusu ya njia, na maneno yao waliyoyapanga.

Donatien alifuta picha. Aurore, ambaye hakwenda chuoni siku hiyo, aliichukua simu akamwonyesha pa kubonyeza.

"Imeenda mu magroupe, papa," binti alisema taratibu. "Pale hatuwezi kuifuta."

"Umeiona wewe?"

"Niliiona jana mangaribi. Nilizania Papa Gaston alikubali." Akamrudishia simu. "Nilizania hivyo ju ni wewe."

Maneno hayo mawili ya mwisho, kwamba alimwamini kwa kuwa ni yeye, yalimkaa moyoni. Alifunga karakana akaketi ndani, gizani, katikati ya mchana. Alimkumbuka Josué akiokota randa yake mbele ya watu. Alifikiri kumpigia Christophe, na akampigia, kwa sababu mtu anayezama hushika chochote. Christophe alisikiliza, akasema kwa sauti ya uchangamfu kwamba si mwisho wa dunia: aandike komunike ya kuomba radhi, aiweke kwenye ukurasa na picha yake mwenyewe akiwa na huzuni. "Batu banapenda mutu mwenye anaomba pardon. Visibilité, kuonekana kwako, itapanda tena." Donatien alikata simu. Kulikuwa basi na watu wanaolipwa kufundisha jambo hilo, na yeye alikuwa ameandika masomo yao daftarini.

Jumapili Gaston alifika karakana. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka mambo yapite.

"Kesho sanduku na musalaba vitapanda na camionnette. Tuma mutu avipeleke. Na batu nimewaambia kama nilisahau kukueleza. Nimesema kosa ni yangu."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Ju bavijana bamoja bako nataka kuchoma hii mbao yako yote. Na ju sitaki fujo mu matanga ya mutoto wetu. Nyamaza tu, itapita."

Alikuwa akimpa njia ya kutokea, safi kabisa, na hakuna ambaye angeijua zaidi yao wawili. Donatien alimshukuru kwa kichwa tu. Hakulala vema. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akapanda nyuma ya camionnette, gari dogo la mizigo, pamoja na jeneza, ameshika msalaba uliofunikwa, na watu wa njiani waliomtambua walinong'onezana.

Kilioni, wanawake walikuwa wameketi juu ya mikeka. Maman Clémence alikuwa katikati, mdogo kuliko alivyomkumbuka, bega moja limevimba kwa ile ajali ya kuanguka. Donatien alipiga magoti mbele yake na koti lake likagusa udongo.

"Ni weye fundi?" mama aliuliza.

"Ni miye, maman."

"Gaston anasema ulikuwa haujui."

Gaston, aliyesimama kando ya jeneza, alimtazama Donatien na kutikisa kichwa polepole: usiseme.

"Nilijua, maman," Donatien alisema. "Gaston aliniambia kabisa. Alisema muzee hajajua, na miye nikapiga ile foto. Niliona kazi yangu ni muzuri. Nikawaza hakuna mutu ataiona."

Mwanamume mmoja nyuma alitukana kwa Mashi, lugha ya kwao. Mwingine alisema, "Na anakuja kuvisema hapa, haiko na haya." Mama hakugeuka.

"Kama hakuna mutu ataiona," aliuliza, "ulikuwa naweka ya nini?"

Swali hilo Christophe hakuwa ameliuliza katika siku zote tatu, na daftari la Donatien halikuwa nalo.

"Sijui, maman."

"Miye nilikuwa namungojea siku ya soko," mama alisema. "Alisema ataniletea viatu. Ule mutoto wa kike alinionyesha simu, nikazania ni foto ya viatu." Akapumua. "Niletee musalaba."

Aliuleta. Mama alivuta kile kitenge cha bluu mwenyewe. Alipitisha kidole ndani ya herufi, moja moja, mpaka ya mwisho. Hakusema kwamba ni mzuri wala kwamba ni mbaya. Kisha akakikunja kitenge cha karakana, akamrudishia Donatien mkononi, akavua kile alichojitanda mabegani na kuufunika msalaba nacho. Ulibaki hivyo hadi kaburi lilipojazwa. Donatien alichimba pamoja na wengine. Hawakumkataza, wala hakuna aliyempokea sepeto alipochoka.

Hakusamehewa siku ile. Wanaosimulia kwamba alisamehewa wanataka tu hadithi iishe vizuri.

Wiki iliyofuata simu za wateja wa misalaba zilianza. Kwanza mtu wa Bagira, kisha mwanamke wa Panzi, kisha wawili kwa siku moja. Milango haikuwa imemleta mtu, wala kabati, wala kitanda cha maharusi. Picha ile moja, ambayo haikuwepo tena kwenye ukurasa wake, ilikuwa inafanya kazi ambayo Christophe aliiahidi. Aurore aliliona hilo naye, akatazama chini.

"Kwa hiyo inatumika," Donatien alisema.

"Papa, tufunge page?"

"Milango ibaki. Milango haina mama. Lakini hakuna kintu ya mutu itaingia mule pasipo mwenyewe kusema ndiyo, na mule hakuna tena jina ya marehemu."

Simu iliita tena juu ya meza. Sauti ya mwanamume, ya heshima, yenye haraka ya mtu aliyefiwa.

"Papa Donatien? Niko natafuta musalaba. Kama ile ya Fabien, yenye niliona mu Facebook."

"Pole sana, papa. Ile siitengenezi tena."

"Hata kama inaomba kungoja, nitangoja."

"Nenda Kadutu, uliza fundi mumoja banaita Josué. Ni miye nilimufundisha. Umuambie ni Donatien alikutuma. Na umuambie nitapita kumusalimia. Kuna neno niko nayo ya kumuambia, mbele ya bafundi yake."

"Lakini Papa, ile yako ilikuwa muzuri kabisa."

"Najua," Donatien alisema.