Tulipopiga Marufuku Induru

Sijawahi kupewa kazi iliyonisisimua kama ile ya kukipanga upya kijiji chetu kwa ajili ya usalama wake. Nilikuwa nimeshastaafu ukarani wa ghala, watoto wametawanyika, na mke wangu ananiuliza kila asubuhi nitakaa kibarazani mpaka lini. Ndipo ikaja barua ya halmashauri: kila kijiji kiunde upya kamati ya ulinzi na usalama, na mwenyekiti wa kamati aende Kasulu kwa mafunzo ya siku mbili. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu moja tu: nilifika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka.

Mafunzo yale niliyanywa kama maji. Polisi wa kata alisimama mbele yetu na chaki mkononi. "Usalama si bunduki," alisema. "Usalama ni kujua nani yuko wapi, na akipata shida anamwita nani." Akachora visanduku. Serikali ya kijiji juu, kamati chini yake, kisha makundi: doria, moto, wageni na taarifa, majeruhi. Chini kabisa vitongoji, na kila kitongoji kiongozi wake mwenye filimbi. Kati ya visanduku, mishale. Niliipenda mishale ile kuliko kitu chochote. Miaka yote nimeishi kijijini, njia ya Kasulu kwenda Kibondo, na sikuwahi kukiona kijiji changu kikiwa kimekaa kwenye mstari namna ile.

Nilirudi na karatasi mbili za manila na kalamu nene za rangi tatu. Nilichora siku nne. Mke wangu alilazimika kuandaa chakula cha mchana sakafuni kwa sababu meza ilikuwa ya serikali. Mchoro ulipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, watu walikuja kuutazama kama wanavyotazama harusi. Kijana mmoja wa bodaboda aliupiga picha akairusha kwenye kundi la simu, na kabla ya jua kuzama mtu wa Kibondo alinipigia kunipongeza. Nilitembea nyumbani kifua mbele.

Sasa niseme makosa yangu, maana yote mawili yalikuwa kwenye karatasi ile, kwa mwandiko wangu unaosomeka.

La kwanza: tulikuwa na vitongoji vitano na filimbi nne. Kitongoji cha tano ni Ng'ambo, kuvuka kijito, ambako wanaishi familia ambazo wazee wao walikuja kutoka Burundi. Wengi wao wamezaliwa hapa, wana vitambulisho kama changu, wanalima maharage bora kuliko yetu, na bado tukiwa peke yetu tunawaita wageni. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nachagua. Niliwaweka tu chini ya kiongozi wa kitongoji cha Kati, upande wetu wa kijito. Kiongozi, filimbi na mshale wao wote vikawa vya watu wa Kati.

Mtendaji wa kijiji, binti aliyepangiwa kazi kwetu kutoka Tanga, aliuona upungufu ule siku ile ile.

"Shikamoo, mzee wangu. Hii Ng'ambo mbona haina mtu?"

"Marahaba. Ina mtu. Yule wa Kati."

"Na yule wa Kati asipokuwepo?"

"Mwanangu, anakwenda wapi yule? Ana ng'ombe wa kukamua."

Akacheka kwa adabu, akaacha.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Huku kwetu mtu akipatwa na jambo hupiga induru, ule ukelele mrefu wa kuomba msaada, na kila anayeusikia huutupa kwa jirani huku akikimbia. Ndivyo tulivyokua. Lakini induru ilikuwa imezidi. Watu walipiga induru kwa mbuzi aliyekata kamba, kwa ugomvi wa mume na mke, mara moja hata kwa simu iliyotumbukia chooni. Mimi nilitaka mishale yangu iheshimiwe. Nikapendekeza, kamati ikapitisha, nami nikaandika chini ya mchoro, kwamba mtu asipige induru mpaka kiongozi wake wa kitongoji awe amepuliza filimbi. Atakayekiuka atafyeka mtaro wa barabara siku tatu.

Wa kwanza kuadhibiwa alikuwa mwanamke wa Ng'ambo, mjane anayeishi na mama yake mzazi. Nguruwe pori waliingia kwenye mahindi yake jioni, akapiga induru, watu wakaja, nguruwe wakakimbia. Kesho yake nikampa panga na mtaro. Nilisimama kivulini nikimsimamia.

"Mwenyekiti," aliniambia bila kuinua kichwa, "nguruwe wakija tena nikuandikie barua?"

"Mwambie kiongozi wako apulize filimbi."

"Nivuke kijito nimtafute, nguruwe wananisubiri?"

Wenzake waliokuwa wakipita na ndoo walicheka mpaka maji yakamwagika. Nami nilicheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

Kiangazi kikakomaa. Nyasi zikawa rangi ya mkate, na upepo wa mchana ukaanza kuvuma kutoka mlimani. Siku moja tulikuwa na mgeni: afisa kutoka wilayani amekuja kuuona mchoro wetu, kwa maana sifa zilikuwa zimemfikia. Nilivaa koti. Nilikuwa nimemfikisha kwenye kisanduku cha kundi la moto, nikimwonyesha kwa rula jinsi taarifa inavyopanda, simu yangu ilipoita mfukoni. Nikatazama. Namba ya yule mjane. Nikajisemea, nguruwe. Nikaizima sauti nikaendelea. Ikatetemeka tena. Nikairudisha mfukoni.

Hilo halikuandikwa kwenye karatasi. Nililifanya kwa kidole changu mwenyewe.

Mtendaji ndiye aliyegeuka dirishani. "Mzee wangu, ule moshi ni wa kuchoma mashamba?"

Moshi ulikuwa mweusi chini na wa njano juu, na ulikuwa unalala. Moshi wa shamba husimama. Nikampigia mtu wa Kati mwenye filimbi. Akapokea kwa furaha kubwa, nyuma yake honi za malori. "Mwenyekiti! Niko Manyovu, nimeleta maharage!" Filimbi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake, mpakani mwa Burundi.

Kisha tukaisikia. Induru. Sauti moja ya mwanamke kutoka Ng'ambo, ndefu, haikatiki. Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyeitikia, na najua kwa nini: watu walikuwa wanautafakari mtaro. Kisha bibi mmoja sokoni akatupa kitenge chake begani akaidaka, akaipokea mwingine kwenye mashine ya kusaga, ikazunguka vitongoji vyote vitano. Watu wakamiminika. Maboda walibeba watu watatu watatu na majembe yao. Mimi, mwenye magoti haya, nilikimbia na koti langu, na afisa wa wilaya alinipita akiwa ameshika viatu mkononi.

"Umuliro! Umuliro!" Moto, moto, wote kwa Kiha sasa, hata wanaojidai hawakijui.

Ilisemekana baadaye kwamba mrina asali aliacha kijinga cha moto msituni. Sijui. Ninachojua ni kwamba tulipovuka kijito moto ulikuwa umeshaingia kwa mjane. Mama yake alikuwa ametolewa, amekaa chini kwenye tope la kijito, mikono ameinyoosha mbele, imeungua. Maharage yaliyokuwa yameanikwa uani yalikuwa yanapasuka kama bisi. Sote tulikimbilia nyumba, na matawi mabichi, na magunia yaliyolowa.

Mjane akasimama mbele yetu, uso mweusi kwa masizi. "Acheni nyumba yangu! Imeshakwenda! Limeni pale, pale, kati ya miti na nyumba za wenzangu! Mkanda! Limeni mpaka udongo utoke!"

Tukasimama kidogo. Mtu kutuambia tuiache nyumba yake iungue!

"Mwenyekiti!" akanifokea. "Wewe ni kiziwi kwenye simu tu, au hata hapa?"

Nikaanza kulima. Watu mia tulilima mstari mmoja, wa Kati kando ya wa Ng'ambo, mtendaji akichota maji kwa kofia ya pikipiki, na yeye mjane akikimbia huku na huku akitupanga. Hakuwa na karatasi. Alijua kila mmoja anaweza nini. Wazee aliwapa kupiga cheche, vijana aliwapa majembe, akina mama akawapanga msururu wa ndoo kutoka kijitoni. Moto ulifika kwenye udongo mtupu, ukanusa kushoto, ukanusa kulia, ukafa. Nyumba nyingine zote zilisimama. Tulipiga kelele kama watu walioshinda fainali. Nilimkumbatia mtu ambaye hatukuwa tumesalimiana miaka miwili. Gari la zimamoto kutoka mjini lilifika tukiwa tumekaa chini, tunakunywa maji.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipomtazama mama wa mjane akipakiwa kwenye gari kwenda hospitali.

Mkutano wa kijiji uliitwa wiki hiyo hiyo. Mtu wa Kati, amerudi kutoka Manyovu na suruali mpya, alisimama akasema sheria ni sheria: induru ilitangulia filimbi, kwa hiyo kuna siku tatu za mtaro. Uwanja ukalipuka kwa vicheko na matusi madogo madogo. "Kafyeke wewe, kwa filimbi yako!" mama mmoja alimwambia.

Mjane alisimama. "Nipeni panga, nitafyeka. Lakini niwaage kabisa. Mama akitoka hospitali nampeleka Kitanga kwa kaka zangu. Tumezaliwa hapa, na hapa hatumo hata kwenye karatasi."

Ndipo niliposimama, nikasema yote. Filimbi nne na kwa nini ya tano haikutafutwa. Induru. Na simu, mara mbili, namba niliyoijua. Nikapendekeza induru iwe huru, Ng'ambo iwe na kiongozi wake, na kundi la moto la kijiji kizima liongozwe na mjane. Mikono ilinyooshwa mingi hata mtendaji hakuhesabu.

"Mikono mizuri," mjane alisema. "Nataka kuiona kwenye majembe. Mkanda uzunguke kijiji chote, siyo Ng'ambo tu. Ukikamilika kabla mama hajatoka hospitali, tutajenga hapa. Usipokamilika, mtatusalimia Kitanga."

Kwa hiyo tulilima. Wiki mbili, kila asubuhi, kitongoji baada ya kitongoji. Sijawahi kuona watu wakigombania jembe. Kati walisema Ng'ambo ni wavivu, Ng'ambo wakaongeza hatua ishirini ili kuwaaibisha. Mimi nilipewa kipande cha mlimani chenye mawe, na mjane, kiongozi wangu sasa, alikipima kwa fimbo yake kila jioni.

"Hapa umeacha nyasi, mzee."

"Ni kidogo tu."

"Kwani moto unahitaji nyingi?"

Nikarudia.

Kilikuwa kimebaki kipande kama urefu wa kanisa, chote mawe, tuliposikia bodaboda ikipanda. Nyuma alikuwa ameketi mama wa mjane, mikono imefungwa bendeji hadi viwiko, kitambaa cheupe kichwani. Hospitali walikuwa wamemruhusu siku moja mapema. Sote tukasimama na majembe yetu. Hakuna aliyethubutu kumtazama binti yake.

Bibi akateremka polepole, akautazama mkanda wote uliokuwa ukishuka bondeni, mwekundu, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ndiye karani?"

"Ndiye, mama."

"Analima kama anaandika."

Walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi nikainama nikapiga jiwe, na watu wote, bila kuambiwa, wakanifuata kwenye kipande kile kilichobaki. Tulikuwa bado tunalima bibi alipoanza kushuka kuelekea majivu ya nyumba yao, akitembea kwa kutafuta, hatua tatu huku, hatua mbili kule. Kisha akasimama, akainua mkono mmoja wenye bendeji.

"Mlango uwe hapa," alimwita binti yake. "Ule wa zamani ulikuwa unaingiza jua."